Kabla hujanunua saa ya cheo

Barua ya cheo ikishatoka, kuna wanaochinja mbuzi, kuna wanaobadilisha gari, na kuna wanaotaka saa. Sina ugomvi na hawa wa mwisho. Aliyeanza bandarini akiwa karani na leo anakalia kiti cha meneja, au aliyehangaika miaka chungu nzima mpaka akawa daktari bingwa, ana haki ya kujipongeza kwa kitu atakachokitazama kila siku. Tabu ni kwamba saa hizi zimebuniwa Geneva na Tokyo, na wewe mkono wako unatawadha mara tano kwa siku, unatoka jasho la Kaskazi na Jumapili unaingia baharini. Muuzaji wa Dubai hatakuuliza hayo, kwa hiyo jiulize mwenyewe kabla hujakata tiketi.

Anza na fundi, kabla hata ya bei. Mafundi saa wetu wa Darajani na Mkunazini, hapa Unguja, wana mikono mizuri: betri, mkanda, saa ya ukuta ya bibi, yote hayo wanayamudu. Lakini saa ya otomatiki ya daraja la juu, ile inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, ikifika wakati wake, hufunguliwa mashine yote, husafishwa, hutiwa mafuta mapya, hubadilishwa mipira inayozuia maji, kisha hupimwa kwa presha. Vipuri vyake makampuni mengi hayawauzii mafundi wa mitaani, hata fundi awe hodari vipi. Omega hushauri kazi hiyo ifanywe kila baada ya miaka 5 hadi 8. Rolex husema kama miaka 10. Maana yake katika utumishi wako uliobaki saa itasafiri nje ya kisiwa mara mbili au tatu, itakaa huko wiki kadhaa, na kila safari itakula mamia ya dola. Anayeishi Pemba, Wete au Mkoani, aongeze na boti ya kuvukia Unguja. Ikiwa fedha hizo huwezi kuziweka pembeni tangu leo, basi hiyo saa bado si ya kwako, hata kama bei yake unayo mfukoni.

Hapa ndipo ninapowatetea wenye kununua saa za betri, ambao hudharauliwa bure. Seiko walipotoa Astron mjini Tokyo, Desemba 1969, walizipita saa zote za ufunguo kwa usahihi, na mpaka leo hali ni hiyo hiyo. Kipande cha jiwe la kwatsi ndani ya saa za betri za leo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saa ya kawaida ya namna hii hupotea kama sekunde 15 kwa mwezi. Saa ya otomatiki yenye cheti cha usahihi cha COSC, kile cha Uswisi ambacho watu hujivunia, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kukimbia sekunde 6 kwa siku moja. Usije ukairudisha dukani kwa hasira ukidhani umeuziwa mbovu. Otomatiki ina raha yake, mshale wa sekunde unateleza na mashine inaishi kwa mwendo wa mkono wako, lakini raha hiyo ijue ni ya moyo. Ukiivua Alhamisi usiku, nyingi zitakuwa zimesimama Jumamosi au Jumapili, maana akiba yake ya mwendo ni kama saa 40 hadi 70. Tissot wanayo mashine waliyoiita Powermatic 80, inayokaa saa 80, na bei yake bado iko kwenye mamia ya dola, haijafika maelfu.

Sasa dhahabu. Wanaume wa Kiislamu tunajua dhahabu si yetu, lakini wengi tunaitafuta kwa rangi ya njano tu. Dhahabu nyeupe ni dhahabu, na ile ya rangi ya waridi ni dhahabu pia. Mfano unaowaponyoka wengi ni Rolex Datejust: ukiitazama mbali ni chuma kitupu, lakini ile yenye duara la mikunjomikunjo kuzunguka kioo, duara lenyewe ni dhahabu nyeupe ya karati 18. Yenye duara laini ndiyo ya chuma. Muulize muuzaji kila kipande kimetengenezwa kwa nini, na jibu liandikwe kwenye risiti. Iliyopakwa rangi ya dhahabu tu ina maneno yake kwa wanavyuoni, kwa hiyo muulize shekhe wako kabla, si baada. Kina mama hawana mtihani huu. Wao waangalie pembe za saa, maana pembe kali hukwama kwenye nakshi za mkono wa abaya na kuvuta uzi.

Mkanda nao una maswali. Katika madhehebu ya Shafi ngozi ikidibaghiwa hutwahirika, isipokuwa ya mbwa na nguruwe, na baadhi ya mikanda huwa na bitana ya ngozi ya nguruwe upande unaogusa mkono. Mikanda ya mamba nayo inaweza kudaiwa kibali cha CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ikivuka mipaka. Lakini hata ngozi ya ng'ombe iliyo safi kabisa, hapa kwetu haidumu. Jasho na maji ya udhu huiozesha, ikaanza kutoa harufu ambayo mwenyewe huisikii ila jirani yako kwenye safu anaisikia. Ushauri wangu ni mkanda wa chuma, wenye kifungo kinachoweza kuongezwa na kupunguzwa kidogo bila fundi. Mkono huvimba Januari kwenye joto la Kaskazi na hupungua Julai Kusi inapovuma. Ukikatisha mkanda kwa kipimo cha siku moja ndani ya duka lenye kiyoyozi, utalaumu saa bure. Vipande vilivyotolewa vidai, urudi navyo nyumbani.

Na udhu wenyewe. Maji lazima yafike kwenye ngozi mpaka kwenye kiwiko, kwa hiyo saa itavuliwa au itasogezwa, mara tano, kila siku, miaka yote. Tazama siku moja kwenye mifereji ya msikitini: mtu anavua saa, anaiweka juu ya ukuta mfupi ulio mbele yake, anaosha uso, anakumbuka simu, anaitikia salamu, muadhini anakimu, anakimbilia rakaa. Saa inabaki ukutani. Kabla ya kununua, jizoeshe kwa saa ya bei ndogo kuitia mfuko wa kanzu ulio ule ule kila mara, usiiweke ukutani hata kwa dakika moja. Na dukani ifungue na uifunge kwa mkono mmoja, mkono ukiwa umelowa. Ikikushinda pale, alfajiri itakushinda zaidi. Urefu wa saa kwenda juu nao upime kwa nguo unayovaa kweli: iliyozidi milimita 13 hivi husumbua chini ya kifungo cha shati, na kwenye kanzu yenye mkono mwembamba ndiyo kabisa.

Maandishi ya mita mgongoni mwa saa yamewaponza watu. Mita 30 ni kipimo cha presha cha maabara, na kwa matumizi ya kawaida inamaanisha mvua na matone ya kunawia. Anayeogelea aanze na mita 100. Kile kifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo, kama ni cha kukaza kwa kuzungusha, kihakikishe kimekazwa kabla ya kuingia majini, na usikiguse ukiwa ndani. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi, chumvi isikaukie kwenye viungo vya mkanda. Mipira ya kuzuia maji huchakaa hata kama saa inaonekana mpya, kwa hiyo ya kuogea ipimwe presha kila mwaka au uache kuogea nayo. Saa ikianza kukimbia dakika kadhaa kwa siku, mara nyingi ni sumaku: spika, kifungo cha mkoba, kava la simu. Hilo fundi mwenye kifaa chake hulimaliza mara moja. Na tarehe usiibadilishe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu kwenye saa nyingi meno ya tarehe yanakuwa yameshashikana.

Fedha nitazipitia haraka, kila mtu anajua mfuko wake. Kiinua mgongo kisiguswe. Mkopo wa riba kwa ajili ya saa sioni pa kuutetea. Ukiweka kidogo kidogo mwaka mzima baada ya cheo, utagundua pia kama cheo chenyewe unakipenda. Mwenzako wa nyumbani aijue bei kutoka kwako.

Wapi pa kununulia? Aghalabu wenzetu huangalia Dubai na Muscat, kwa kuwa ndege ni ya moja kwa moja na kila mtu ana shangazi huko. Dubai inatoza VAT ya 5% tangu 2018, na msafiri anaweza kurudishiwa sehemu yake uwanjani akiwa amelisajili ununuzi dukani kwa pasipoti yake. Mambo haya yafanywe kabla hujakabidhi begi. Nunua kwa wakala rasmi, kadi ya dhamana iandikwe tarehe. Rolex hutoa dhamana ya miaka 5 tangu 2015, na Omega nao miaka 5 tangu 2018. Aina nyingine za Rolex hazikai kabatini, utaambiwa uandikishe jina na usubiri; basi panga safari baada ya kupigiwa simu. Iliyotumika si aibu, lakini kopi za siku hizi zimefika mahali jicho la kawaida haliwezi, na nyingine ni mchanganyiko: sura halali, mashine ya kuokoteza. Namba ya saa ilingane na ya kadi, na wapo The Watch Register wa London wanaotafuta namba kwenye orodha ya saa zilizoibwa. Anayekuuzia kwenye gari, uani kwa mtu, kwa bei ya "kaka chukua wewe tu", mwache aende.

Ukibeba taslimu ya dola 10,000 au zaidi, itangaze unapotoka nchini. Bora ulipe kwa kadi na benki ikijua mapema, isije ikaizuia ukiwa kaunta. Ukirudi utaambiwa ivae tu mkononi, boksi litupe. Usitupe. Itangaze forodhani, uwanja wa ndege wa Kiembesamaki, pamoja na risiti. Risiti hiyo ina kazi nyingine kwa aliyepata cheo serikalini: kiongozi wa umma anajaza tamko la mali kwa Tume ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na saa mpya mkononi mwa mkurugenzi mpya huzua maneno, hata ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, wanaweza kutaka kujua. Kwa sababu hiyo hiyo, mkandarasi akikuletea saa ya "hongera", mrudishie siku hiyo hiyo, mbele ya mtu.

Wengi hutaka mgongo wa saa uchorwe tarehe ya uteuzi. Sonara mzuri wa Mji Mkongwe ataweza, lakini kwanza uliza kwa maandishi kama dhamana haitavunjika, na kama mgongo utafunguliwa, nani atakayeufunga na kuupima maji. Iliyochorwa hushuka bei ukiuza. Mimi ningechora, tarehe ya Hijria, herufi ndogo.

Namba ya saa, risiti na picha viwe na nakala kwa mtu mwingine unayemwamini. Bima ya nyumba iulize kama inalinda kitu kilichoibwa nje ya nyumba, maana si zote. Na kama nia ni saa ifike kwa mwanao mmoja, mpe ungali hai mbele ya nduguze. Ukishafariki inaingia kwenye mirathi pamoja na shamba na vyombo, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenziwe waridhie.