Somo: Jinsi ya kuonja bia ya ngano ya Kijerumani (na yale mashapo si uchafu)

Wakuu, swali hili nimelijibu hadi nimechoka: "Nimenunua Weissbier, si angavu na chini ya chupa kuna mashapo, imeharibika?" Haijaharibika, mashapo hayo ni hamira. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili.

Kwanza ujue unachokunywa. Weissbier na Weizen ni majina mawili ya bia moja, na nyumbani kwake ni Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Kwa kanuni za Ujerumani, angalau nusu ya kimea chake (nafaka iliyooteshwa) lazima kiwe cha ngano. Kinachobaki huwa cha shayiri. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, ni kidogo, kwa hiyo usitafute uchungu. Ladha yake kubwa inatoka kwenye hamira. Hamira hii huchachusha kwenye joto la juu kuliko ile ya lager, na hapo huzaa vitu viwili: isoamili asetati, inayonukia ndizi mbivu, na vinili gwayakoli, inayonukia karafuu. Hakuna mtu aliyetia ndizi wala karafuu humo. Hatua zote zinazofuata ni za kuhakikisha kazi ya hamira inakufikia puani.

Hatua ya 1. Nunua iliyoandikwa Hefeweizen au Hefeweissbier. Iliyoandikwa Kristall imechujwa hamira yake. Kwa kuanzia, chukua Weihenstephaner ya Freising, ambayo ndizi yake hujitokeza mapema, kisha Schneider Weisse ya Kelheim, yenye rangi nzito na karafuu zaidi.

Hatua ya 2. Ipoze hadi nyuzi 7 au 9 hivi. Ikiwa baridi kama barafu, harufu inalala.

Hatua ya 3. Tafuta glasi ndefu ya nusu lita, nyembamba chini na pana juu. Isiwe na mafuta wala sabuni.

Hatua ya 4, kumimina. Hapa nisome taratibu. Bia hii ina gesi nyingi, na protini za ngano hujenga povu zito lisiloshuka upesi. Ukiimimina kwa pupa utapata glasi nzima ya povu na meza iliyolowa. Suuza glasi kwa maji baridi, usiifute. Ilaze karibu kabisa, mdomo wa chupa uwe karibu na ukuta wa ndani, halafu mimina polepole bila kukatiza, bia iteleze. Inavyojaa, nawe isimamishe kidogo kidogo. Chupa ikibaki na kiasi cha vidole viwili, simama. Zungusha chupa mkononi hadi uone hamira imeachia kitako na kile kilichobaki kimekuwa kizito kama maji ya mchele. Sasa kimimine chote katikati ya povu. Utaona weupe unashuka ndani ya bia na rangi yote inageuka.

Maonyo: Usitikise chupa kabla ya kuifungua. Usitumie glasi kavu iliyotoka sasa hivi kwenye maji ya moto. Na usiige wale wanaopindua chupa nzima ndani ya glasi. Unaingiza vumbi la ghala kwenye kinywaji, na povu likishapanda huna pa kulishikia.

Hatua ya 5. Nusa kabla hujanywa.

Hatua ya 6. Funda la kwanza ni povu, usilihukumu. Kuanzia la pili tafuta utamu wa mkate, gesi inayochoma ulimi, uchachu mwembamba, kisha karafuu inayobaki kooni. Nusa tena glasi ikifika nusu na joto limepanda kidogo. Itakuwa na mengi zaidi ya kukuambia. Bia mbili nilizotaja hatua ya 1 zina kilevi asilimia 5.4, kwa hiyo usiendeshe gari.

MASWALI

Swali: Mkuu, hayo mashapo hayaharishi tumbo?
Jibu: Ni hamira, nimeeleza juu. Usipoitaka iache chupani, ila usirudi kusema bia haina ladha.

Swali: Kwani lazima glasi? Mimi nanywea chupani.
Jibu: Soma hatua ya 3 na ya 4.

Swali: Kaka, mimi nimekulia Moshi. Mbege ina ndizi zenyewe na kimea cha ulezi. Mbona hii isiyo na ndizi ndiyo inanukia ndizi zaidi?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Isoamili asetati ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye ndizi mbivu. Ni harufu nyepesi, na ndizi za mbege huchemshwa muda mrefu, kwa hiyo nyingi hupaa na mvuke. Kwenye Weissbier hamira huitengeneza upya baada ya kuchemsha kwisha. Mtengenezaji akichachusha kwenye joto zaidi, ndizi huongezeka. Akitaka karafuu, huanza kuloweka kimea kwenye nyuzi 45 hivi ili asidi ya feruli itoke, na hamira huigeuza kuwa ile vinili gwayakoli ya karafuu.

Swali: Sheria ya bia ya Bavaria ya 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji tu. Ngano iliponaje?
Jibu: Kwa upendeleo wa watawala. Ukoo wa Degenberg ulipewa ruhusa ya kupika bia ya ngano. Ulipokosa mrithi mwaka 1602, haki ikarudi kwa Maximilian I, mtawala wa Bavaria, aliyeifanya chanzo kikubwa cha mapato. Karne ya 19 bia hii ilipoteza wanywaji, na mwaka 1872 Georg Schneider akapata haki ya kuipika. Ndiyo Schneider ya hatua ya 1.

Swali: Nikiweka limau?
Jibu: Mafuta ya ganda huangusha povu, na limau hufunika karafuu. Umenunua harufu halafu unaizika?

Swali: Huliwa na nini?
Jibu: Bavaria ni Weisswurst (soseji nyeupe), haradali tamu na breseli (mkate wa kusokotwa), asubuhi kabla ya saa sita. Soseji hiyo huwa na mafuta ya nguruwe; asiyekula, samaki wa kukaanga anafaa sana.

Swali: Na asiyekunywa pombe?
Jibu: Zipo zinazouzwa kama zisizo na kilevi, kiwanda cha Erdinger wanayo. Ila Ujerumani neno "alkoholfrei" (isiyo na kilevi) huruhusu hadi asilimia 0.5. Anayetaka isiyo na kilevi kabisa atafute iliyoandikwa 0,0.