Jinsi ya Kuonekana Mtandaoni Ukiwa Mtaalamu

Anza kwa kulitafuta jina lako kwenye Google, ukitumia dirisha la faragha la kivinjari ili historia ya utafutaji wako isiyapotoshe matokeo, kisha utazame kile ambacho mteja au mwajiri angekiona kwanza. Chagua jina moja la kitaaluma na ulitumie vilevile kila mahali, kwa sababu anayejiandika kwa namna tatu tofauti huonekana kama watu watatu.

Katika LinkedIn, mtandao wa kijamii wa wanataaluma uliozinduliwa mwaka 2003, mstari ulio chini ya jina lako huonekana hata kabla wasifu haujafunguliwa, lakini wengi huupoteza bure kwa kuandika cheo kitupu. Badala ya “Mhasibu”, andika “Mhasibu wa kodi anayehudumia biashara ndogo”, kwani maneno hayo ya ziada ndiyo anayoyatumia mtu mwenye shida anapotafuta msaada. Mtafiti naye ajisajili ORCID, mfumo wa kimataifa wa kuwatambua watafiti, ambako atapewa bila malipo kitambulisho cha tarakimu 16 kinachomtenganisha na wenye majina kama lake.

Wasifu peke yake hautoshi. Chapisha kazi halisi: eleza tatizo ulilolitatua, hatua ulizochukua na matokeo yake, huku ukizihifadhi siri za mteja. Kwa maoni yangu, makala moja yenye kina kila mwezi ina thamani zaidi kuliko salamu za kila asubuhi. Hatimaye fungua tovuti yenye kikoa chako mwenyewe, yaani anwani ya tovuti iliyosajiliwa kwa jina lako, kwa kuwa akaunti ya mtandao wa kijamii inaweza kufungwa bila ridhaa yako, na ulipie kikoa hicho kabla muda wake haujaisha.