Kamera ndogo ya bei: soma namba za lenzi kwanza

Mnaotaka kamera ya kuingia mfukoni, achaneni kwanza na megapikseli, jiulizeni mnapiga nini sana. Kama ni sherehe za usiku, ukumbi taa hafifu, Canon G7 X Mark III inakufaa kuliko Sony RX100 VII hata kama Sony ni ghali zaidi, sababu sensa zao (kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga) saizi moja, inchi 1, ila lenzi ya Canon inaanza f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi) na ukivuta mpaka mwisho iko f/2.8, ya Sony inaanza f/2.8 inaishia f/4.5, yaani kwa Sony mwanga unaingia kidogo, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) inapanda, picha inaanza chengachenga. Mbugani au uwanjani hapo chukua Sony tu, zumu inafika 200mm (namba ikiwa kubwa, inavuta mbali zaidi), Canon inaishia 100. Mimi naipenda sana Ricoh GR III, haina zumu wala flashi, lakini sensa yake ni ya saizi kubwa inayoitwa APS-C, eneo lake zaidi ya mara tatu ya sensa ya kila moja ya hizo mbili, na mfukoni inakaa freshi kabisa. Halafu Canon na Ricoh hazina kitundu cha kuchungulia kwa jicho unapopiga, Sony inayo, na jua la saa saba ukitegemea kioo cha nyuma huoni kitu.