Visa ya ulinzi ikikataliwa Australia: namna ya kwenda mahakamani

Baraza la mapitio, ART (Administrative Review Tribunal), linalopitia upya maamuzi ya serikali, likishakataa ombi lako la visa ya ulinzi, yaani visa ya wakimbizi, unakwenda mahakama iitwayo Federal Circuit and Family Court, Division 2. Aliyekataliwa na Idara ya Mambo ya Ndani tu bado hajafika hatua hii. Huyo aanzie ART.

Una siku 35, na zinahesabiwa tangu tarehe ya uamuzi wenyewe, si siku uliyofungua barua. Uamuzi ukiwa wa tarehe 1 Machi, mwisho ni tarehe 5 Aprili. Ukichelewa, omba kwa maandishi uongezewe muda, ueleze kilichokuchelewesha na uzito wa shauri lako. Mahakama ikikataa kukuongezea, huna rufaa ya kwenda Federal Court, mahakama ya juu yake.

Jaji haamui kama wewe ni mkimbizi. Anaangalia kama ART ilivunja sheria ilipoamua. Maombi mengi huangukia hapa: mtu anaandika "nikirudi nitauawa", na huenda ni kweli kabisa, lakini hilo halionyeshi kosa la kisheria. Barua na vyeti vipya kutoka nyumbani navyo kwa kawaida havisaidii hatua hii.

Kwa hiyo soma uamuzi aya kwa aya, ukiulinganisha na uliyoyaeleza. Ulisema unatafutwa kwa siasa na kwa kabila, wakajibu siasa tu? Walitumia taarifa dhidi yako bila kukupa nafasi ya kuijibu? Hitimisho lao halina ushahidi wala mantiki? Andika kila kosa pamoja na namba ya aya, kisha onyesha kwamba lisingetokea, uamuzi ungeweza kuwa tofauti. Kusema tu "walikosea kutoniamini" hakutoshi. Kama tatizo ni mkalimani, omba rekodi ya kikao mapema. Utahitaji mkalimani mwenye sifa alinganishe maneno yako na tafsiri iliyotolewa, kisha aape kuhusu makosa aliyoyakuta.

Unasajili fomu ya maombi na hati ya kiapo iliyoambatishwa nakala ya uamuzi. Upande wa pili, yaani wanaojibu maombi yako, ni Waziri wa Uhamiaji na ART. Huna uwezo wa kulipa ada? Omba upunguziwe. Jina lako halitachapishwa. Shauri hupewa herufi na namba. Sababu zako zisipokuwa zimeiva, sajili hivyo hivyo ndani ya muda. Kwa kawaida mahakama hupanga tarehe ya kuzirekebisha.

Shauri halirefushi visa yako ya mpito (bridging visa), ile inayokuruhusu kukaa nchini ukisubiri. Omba nyingine (fomu 1005 ni ya aina A na C) kabla iliyopo haijakwisha, la sivyo unaweza kupoteza ruhusa ya kufanya kazi, hata kuwekwa kizuizini.

Wakala wa uhamiaji asiye wakili hawezi kukuwakilisha mahakamani. Wakili naye lazima athibitishe kwa maandishi kwamba shauri lina matumaini; akikataa, msikilize vizuri, kwa sababu ukishindwa kwa kawaida utaamriwa kulipa gharama za Waziri, nazo ni maelfu ya dola.

Ukishinda hupewi visa. Uamuzi unafutwa na ART inaanza kulisikiliza ombi upya. Huko ndiko pa kupeleka ushahidi mpya, pamoja na maelezo ya kwa nini hukuutoa mara ya kwanza.