Kuhiji kwa Mtakatifu Agnes mjini Roma: anzia kaburini

Karibu kila mgeni ninayempokea Roma huniomba nimpeleke kwa Mtakatifu Agnes, binti wa Roma aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, katika kanisa lake pale Piazza Navona. Nampeleka, ila siku ya pili. Siku ya kwanza tunakwenda alikozikwa, Via Nomentana, nje ya kuta za kale za mji. Nimebatizwa kwa jina lake, na bado nilikaa Roma miezi mingi kabla ya kujua kwamba makanisa yake ni mawili. Nisingependa nawe urudi nyumbani bila kulifika kaburi.

Kabla ya safari, jisomee habari zake, lakini anza na maandishi ya kale zaidi. Hadithi ndefu zilizoandikwa baadaye zitasubiri. Kalenda ya Kanisa la Roma ya mwaka 354 inatoa mambo mawili tu: tarehe 21 Januari na Via Nomentana. Mwaka 377 Ambrosi, askofu wa Milano, aliandika kwamba Agnes alikuwa na miaka 12, na kwamba viungo vyake vilikuwa vidogo mno hata pingu hazikumkaa. Nimefundisha watoto wa kipaimara wa umri huo. Kila nikifika kwenye sentensi hiyo naiona mikono yao, na inabidi niweke kitabu chini kidogo.

Ambrosi anasema Agnes aliuawa kwa upanga. Papa Damaso, wa wakati huohuo, anataja moto. Usihangaike kuwapatanisha, beba habari zote mbili uende nazo. Kifo chenyewe kwa kawaida huwekwa kwenye dhuluma ya Diokletiano, kaisari wa Roma aliyewatesa Wakristo, yapata mwaka 304.

Panda treni ya chini ya ardhi, njia ya B1, ushukie kituo cha Sant'Agnese/Annibaliano. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu.

Kuingia kanisani ni kushuka. Papa Honorio I (625–638) alilijenga kwenye usawa wa kaburi, kwa hiyo ngazi ni ndefu na kuta zake zimejaa mawe ya makaburi ya Wakristo wa kwanza. Mama mmoja niliyemsindikiza aliniuliza, “Sista, mbona kwa mtakatifu tunashuka badala ya kupanda?” Nikamwambia, “Mama, tunakwenda kumtazama mtoto alipolala.” Akanishika mkono, tukashuka kimya. Fanya hivyo nawe: taratibu, bila simu mkononi. Humo ukutani limo jiwe la Damaso mwenyewe, lenye herufi nzuri ajabu, linalosimulia jinsi binti yule alivyotoka ghafla mapajani mwa yaya wake na kwenda kukabili vitisho vya mtawala.

Ndani, tembea hadi mbele uinue macho. Mozaiki ya karne ya 7, yaani picha ya vipande vidogo vya rangi, inamwonyesha Agnes peke yake katikati ya dhahabu, amevikwa kama malkia, mapapa wawili wakiwa pembeni. Tazama miguuni pake: upanga upo, na ndimi za moto zipo. Msanii hakuchagua kati ya Ambrosi na Damaso. Hapo ndipo mimi huanza sala, kwa maneno machache: namwomba aniombee ujasiri ambao umri wangu haujanipa. Kisha napiga magoti kwenye altare, kwa kuwa masalia yake, yaani mabaki ya mwili wake, yako chini ya altare hiyo. Makatakombe, yaani makaburi ya kale ya chini ya ardhi, huonyeshwa na mwongozaji. Ukipata nafasi, ingia. Na usipite bila kuona kanisa la duara la Santa Costanza, jirani hapo.

Ukiweza kuchagua siku, chagua tarehe 21 Januari. Wanakondoo wawili hubarikiwa, kwa kuwa jina Agnes, ambalo kwa Kigiriki ni “safi”, linafanana na neno la Kilatini la mwanakondoo. Kwa desturi, sufu yao hutumika kwa palio, ule ukanda mweupe wenye misalaba sita myeusi ambao maaskofu wakuu huvaa mabegani. Palio hutolewa kwao katika sikukuu ya Petro na Paulo, 29 Juni. Ukimwona askofu mkuu wako amelivaa, ujue lilianzia kwa binti huyu.

Piazza Navona itakutosha saa moja. Palikuwa uwanja wa michezo wa kaisari Domitiano, mapokeo husema ndipo alipouawa, na kanisani humo limehifadhiwa fuvu la kichwa chake.

Ukiwa bado mjini tarehe 23, rudi Via Nomentana. Ni siku ya Emerensiana, ambaye mapokeo humwita dada yake wa kunyonya pamoja, aliyepigwa mawe akisali kaburini kwa Agnes. Masalia yao yamo katika sanduku moja la fedha. Umati utakuwa umeshaondoka, nawe utapata nafasi ya kupiga magoti karibu kabisa.