Kabla hujailaumu kompyuta, tazama waya

Nahariri video za harusi hapa Morogoro. Jumapili moja, magharibi, mjomba wa bi harusi alikuja kuchukua kazi yao, gigabaiti 180. Diski ya nje kaja nayo, waya kausahau nyumbani. "Kijana, nasubiri hapahapa. Basi langu saa mbili." Nikachukua waya uliokuwa karibu, nikachomeka, nikaanza kukopi. Kompyuta ikaandika: imebaki saa moja na dakika 25. Mzee akanitazama mimi, mimi nikaitazama kompyuta.

Diski ilikuwa nzima, kompyuta nzima. Tatizo ule waya, wa kuchajia simu yangu ya zamani. Diski nyingi za nje za USB 3.0 zina tundu pana lenye vyumba viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Waya wa simu wa micro unaingia kwenye kile kikubwa bila shida yoyote, taa inawaka, mafaili yanaonekana. Kumbe umerudi kwenye mwendo wa USB 2.0, ile ya zamani ya polepole. Nilipoupata waya wenyewe wa diski, ikasoma dakika 27. Mzee basi aliliwahi, na chai alikunywa.

Kwa hiyo ukiona kukopi kunasuasua, kwanza soma ile namba ya megabaiti kwa sekunde. Ikiganda kati ya 30 na 40, shuku waya au tundu kabla ya kitu kingine. USB 2.0 huandikwa 480 kwenye boksi, lakini hizo ni megabiti. Gawa kwa 8 upate megabaiti 60, na hizo zenyewe huzioni zote. Tundu la USB 3.0 mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani, au alama ya SS pembeni. Kompyuta ya mezani ya zamani, chomeka nyuma. Matundu ya mbele mengi ni ya 2.0.

Ikisoma 100 hivi na diski yako ni ya kuzunguka, ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika, hapo imefika. Waya wa bei mbaya hautaiongezea kitu. Na ikikaribia kujaa itapungua zaidi, hata nusu, kwa sababu data za mwisho huandikwa kwenye duara za ndani, ambazo ni fupi.

Picha ndizo zinazonitesa mimi. Video moja ya gigabaiti 40 inateleza tu, lakini folda la picha 20,000 ndogondogo linakwenda kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Kila faili lazima lifunguliwe, liandikishwe jina, lifungwe, na kichwa cha diski, kile kinachosoma na kuandika, kihame kwenda kwingine. Ninachofanya: nazifunga zote kwenye zipu moja, bila kuzibana (JPEG, aina ya faili la picha, imeshabanwa tayari), na hilo zipu naliagiza lijitengeneze moja kwa moja kwenye diski ninayopelekea. Antivairasi nayo hukagua kila faili linalopita. Kwenye picha nyingi utaisikia.

Msaidizi wangu alikuwa na tabia ya kuanzisha kopi tatu kwa mpigo "ili tuokoe muda". Kwenye diski ya kuzunguka ni kinyume chake: kichwa kinakimbia huku na huko, zote tatu zinachelewa. Anzisha moja, iishe, ndipo nyingine. Kukopi kutoka D kwenda E nako ni hivyohivyo kama zote mbili ni vipande vya diski moja.

SSD, yaani diski zisizozunguka, za bei rahisi zina mchezo wao. Zinaanza na 400, unafurahi, halafu ghafla zinashuka chini ya 100. Hazijafa. Zina sehemu ndogo ya kupokelea haraka, na ikijaa zinaandika kwa mwendo wao wa kweli. Iache imalize.

Lakini diski ya kuzunguka ikishuka hadi sifuri, ikapanda, ikashuka tena huku ikigonga tik-tik, hapo usiulize mambo ya mwendo, inaelekea kufa. Okoa kwanza ambavyo hutavipata tena.

Waya wa diski nimeuviringishia utepe mwekundu. Ule wa simu nimeupeleka nyumbani.