Kufundisha ufikivu wa tovuti darasa linapotumia akili mnemba

Wanafunzi wa programu siku hizi huandikiwa msimbo na akili mnemba. Usiwakataze. Wafundishe kuukagua kwa jicho la mtu asiyeona skrini au asiyeweza kushika mausi; ufikivu ni tovuti kutumika na watu hao pia.

1. Kila mmoja aiombe akili mnemba fomu ya usajili ya Kiswahili: jina, simu, kitufe cha kutuma. Neno ufikivu lisitajwe.

2. Mausi kando. Wajaze fomu kwa Tab, Enter na Space tu.

3. Hapa tenga muda mrefu. Mara nyingi kitufe huwa ni div (kisanduku cha HTML kisicho na kazi maalumu) yenye onclick (amri ya kutekelezwa kikibofywa), kwa hiyo Tab hukiruka. Mwanafunzi akiomba marekebisho, huongezewa role="button" (inayokitambulisha kuwa kitufe) na tabindex="0" (inayoruhusu Tab kukifikia). Sasa Tab inafika, kisoma skrini (programu inayosoma skrini kwa sauti) kinatangaza kuwa ni kitufe, na mwanafunzi anaamini amemaliza. Mwambie abonyeze Enter: kimya. Role hubadilisha kinachotamkwa, haileti utendaji wa kitufe. Akiomba tena ataletewa JavaScript ya kusikiliza Enter, kisha nyingine ya Space. Mzuie hapo. Afute yote atumie elementi ya HTML iitwayo button, kwani kivinjari kimeshayabeba hayo. Lakini angalieni: button ndani ya form hutuma fomu, hivyo kitufe cha kufungulia menyu kipewe type="button". Na kinachompeleka mtu ukurasa mwingine si kitufe, ni kiungo: a yenye href.

4. Washeni NVDA, kisoma skrini cha bure kwa Windows. Mimi huitanguliza kabla ya Lighthouse, zana ya Chrome inayopima kurasa na kuzipa alama, maana hata alama 100 haithibitishi kwamba mtu anaweza kuijaza fomu. Sikilizeni kama kila kisanduku kina lebo inayotamkwa. Maandishi ya placeholder, yale ya kufifia ndani ya kisanduku, hayatoshi. Kisha tazameni lang, sifa ya HTML inayotaja lugha ya ukurasa. Ikiwa "en", Kiswahili chenu kitasomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Andikeni "sw", eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja na NVDA, inakijua Kiswahili.

5. Rangi: WCAG 2.2 (mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti), kiwango cha AA, inadai utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake. Tumieni kikokotoo, msiulize akili mnemba.

6. Maelezo ya picha wayaandike wenyewe. Akili mnemba huona mwanamke na kompyuta; haijui picha imewekwa pale kwa sababu gani.

7. Mwalike mtu anayetumia kisoma skrini kila siku aijaribu fomu mbele ya darasa, na umlipe kama mtaalamu. Wanafunzi wanyamaze mpaka amalize.